Ingia ndani kabla hawajaubomoa

Dodoma, Machi 2025

Ndugu yangu,

Habari za Nottingham? Huku Chang'ombe sote wazima, ila vumbi ni lile lile, na kila jioni kamera yangu naifunga kwenye kanga ya mama.

Picha zako za ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, nimezipata. Ile ya zamani, yenye minara inayotoa mawingu meupe, mama aliitazama akasema, "Jamani, moshi wote huo!" Nikamweleza kwamba kwenye minara ile hutoka mvuke wa maji ya kupozea tu, moshi wa makaa ya mawe ulikuwa unapanda kwenye lile bomba moja refu, mita 199. Nikamwambia pia kwamba mtambo ulikuwa unafua megawati 2,000. Hakushtuka. Nikasema, mama, hizo ni Mtera 25, lile bwawa letu la umeme. Akaweka kikombe chini.

Kwa hiyo Waingereza walianza kufua umeme kwa makaa pale Holborn Viaduct, London, mwaka 1882, na 30 Septemba 2024 wakazima huo mtambo wako, wa mwisho. Umeniandikia kwamba sasa unangoja asubuhi yenye ukungu uipige picha ile minara 8 kwa mbali, kabla ya kubomolewa. Ipige, inapendeza. Lakini nakuomba, tafuta ruhusa uingie na ndani.

Unakikumbuka kibanda cha jenereta cha baba, kule nyumbani karibu na reli, kabla umeme wa gridi haujafika. Saa kumi na mbili jioni anawasha, saa nne usiku anazima, na mji mzima unalala. Niliposikia kitabomolewa nilikwenda na kamera, nikasimama ng'ambo ya reli ili na mbuyu uingie. Picha ilitoka vizuri, iko ukutani studio na wateja wanaisifu. Ya ndani nikasema nitarudi Jumamosi. Jumamosi nikakuta vifusi.

Nyuma ya mlango wa kile kibanda baba alikuwa akiandika kwa chaki saa ya kuwasha na dizeli iliyobaki. Anafuta kwa kiganja, anaandika tena, mpaka mbao zikawa nyeupe zenyewe. Pembeni kulikuwa na msumari wa kutundikia koti, na chini yake ukuta ulikuwa na doa jeusi la mafuta, mabega mawili kabisa, kama mtu amesimama pale. Mimi naliona nikifumba macho. Mdogo wangu, aliyezaliwa baba akiwa ameshaacha kazi, hana pa kuliona. Na mama kila akipita studio huitazama ile picha yangu nzuri, akauliza, "Mlango mbona umefungwa?"

Pale Ratcliffe watu wameingia zamu tangu miaka ya 1960. Haiwezekani wasiache kitu. Tazama vyuma vya ngazi mahali mikono ilipopita, makabati ya nguo, viti vya chumba cha kuongozea mitambo. Beba tripodi, iache lenzi wazi muda mrefu, na flashi usiiwashe kabisa, inaua vivuli. Ukimpata mzee aliyefanya kazi humo, mwombe asimame pale pale alipokuwa akisimama, umpige bila kumwambia atabasamu.

Ila uzio usiruke, tafadhali. Kule kwenye mtambo wa umeme wa Didcot mwaka 2016 jengo la tanuri liliporomoka likiandaliwa kubomolewa, likaua wafanyakazi 4. Waandikie wenye mtambo barua, wakikataa waandikie tena, waeleze unataka nini hasa. Usingoje ukungu.

Picha zikiwa tayari, zisafishe kwenye karatasi unitumie, za kwenye simu mama hazioni vizuri. Wasalimie wanao na shemeji. Zabibu nilizokuahidi nitampa yeyote atakayesafiri kuja huko.

Wako,
mwenye studio