Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Watabibu wa Mishipa kwa Katheta

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu nawasilisha taarifa ya mwaka. Nitapita haraka kwenye yale mnayoyajua, kisha nitafika kwenye lile ambalo limesemwa sana pembeni na mara chache mbele ya kamati: kudunga ateri kwa kuongozwa na ultrasaundi, yaani picha za mawimbi ya sauti.

Shughuli za kawaida zilifanyika kama ilivyopangwa. Semina ya kufungua ateri zilizoziba chini ya goti ilirudia misingi: waya wa inchi 0.014, puto refu la milimita 2 hadi 3.5, nitrogliserini (dawa ya kulegeza mshipa) ndani ya ateri inapojikaza, na puto liachwe limejaa dakika mbili au tatu badala ya kushushwa kwa pupa. Semina ya vena ilipitia jaribio la ATTRACT la 2017, lenye wagonjwa 692. Kuondoa donge la damu kwa katheta na dawa ya kuyeyusha hakukupunguza idadi ya waliobaki na maradhi sugu ya mguu, na kulizidisha kuvuja damu kwingi katika siku 10 za mwanzo: asilimia 1.7 dhidi ya 0.3. Waliohudhuria walikubaliana kwamba kazi hiyo ibaki kwa wachache, yaani donge bado bichi, limepanda hadi vena ya nyonga, na mgonjwa hana hatari kubwa ya kuvuja damu. Puto zenye pakilitakseli, dawa ya kuzuia mshipa usizibe tena, nazo zilijadiliwa. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitamka Julai 2023 kwamba takwimu haziungi mkono ile hofu ya vifo iliyozuka Desemba 2018. Kwangu mimi suala hilo limefungwa, ingawa namjua atakayelileta tena kwenye mengineyo.

Sasa nije kwenye uamuzi wenyewe. Kamati tendaji iliamua mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, katika mafunzo yote ya chama, ateri ya paja idungwe kwa kuongozwa na ultrasaundi tangu mwanzo hadi mwisho, na asiyefanya hivyo asipewe cheti. Pili, akiba yetu inunue mashine moja ya ultrasaundi ya kubebeka na vielelezo viwili vya kufanyia mazoezi ya kudunga, badala ya kugharimia wajumbe kwenda kongamano la nje. Kwa hili la pili nimeitwa majina. Nataka ieleweke kwamba mimi mwenyewe nilikuwa kwenye orodha ya wajumbe waliotakiwa kusafiri.

Hoja ya wapinzani ni kwamba wamedunga kwa kupapasa mapigo miaka yote na mambo yakaenda. Hakuna anayewavunjia heshima. Lakini tuulizane: kidole kinahisi nini hasa? Kinahisi kwamba ateri iko hapo. Hakikwambii imegawanyika wapi, hakikwambii kama ukuta wa mbele una chokaa, yaani umegandamana na kalsiamu, na kwa mgonjwa mnene hata mkunjo wa ngozi ya kinena hukudanganya, kwa sababu hushuka chini kuliko mnavyodhani. Wagonjwa wetu wengi ni wenye kisukari, wavutaji sigara na wenye figo dhaifu. Ateri zao ni ngumu na mapigo yake ni hafifu. Mara nyingi mapigo unayoyatafuta ndiyo hasa yaliyopotea, na ndiyo maana mgonjwa amekuja kwako.

Mahali pa kudunga ni ateri ya paja ya pamoja, juu ya kichwa cha fupa la paja, kwa sababu hapo kuna mfupa wa kuikandamizia baadaye. Ukidunga juu mno, ukapita ukano wa kinena, damu huingia nyuma ya utando wa tumbo. Kinena kitaonekana kizuri kabisa huku shinikizo la damu likishuka, mapigo ya moyo yakienda mbio na mgonjwa akilalamika mgongo au ubavu. Ukidunga chini mno, umeingia kwenye tawi, huna mfupa chini yake, na hapo ndipo zinapozaliwa aneurizimu bandia (mifuko ya damu inayovuja kando ya ateri) na njia za mkato kati ya ateri na vena. Aneurizimu bandia ndogo, chini ya sentimita 2, mara nyingi hujiziba yenyewe. Kubwa zaidi hudungwa thrombini, dawa ya kugandisha damu, na hata hiyo hufanywa kwa ultrasaundi. Basi anayekataa kuitumia mwanzoni ataishia kuiomba mwishoni.

Mwongozo niliouandika (kwa mkono wangu, bila posho, kama kumbukumbu za kamati zinavyoonyesha) unasema hivi. Weka probu ya mstari (kifaa cha mashine kinachogusa ngozi) ili picha ikate ateri kwa upana. Bonyeza: vena hubonyea, ateri hukaidi na kupiga. Shuka mpaka uone ateri inagawanyika mara mbili, kisha panda tena hadi iwe moja, huku kichwa cha fupa la paja kikionekana chini yake kama mstari mweupe uliopinda. Chagua sehemu ambayo ukuta wa mbele hauna chokaa. Ingia na sindano ya geji 21 kwa takriban digrii 45, pitisha waya wa inchi 0.018, hakikisha kwa eksirei kwamba ncha ya sindano iko juu ya mfupa, ndipo uweke mrija wa kubadilishia na kwenda kwenye waya wa inchi 0.035. Ikiwa umekosea kwa sindano ya geji 21, unachomoa na kubonyeza dakika chache. Ikiwa umekosea baada ya kuweka ala ya 6 (mrija wa kupitishia vifaa), una tundu la zaidi ya milimita 2.5 mahali pabaya, kwa sababu namba ya ala hupima upana wa ndani na siyo wa nje.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuangalia shina la sindano wakidhani ni ncha. Doa jeupe kwenye skrini linaweza kuwa sehemu yoyote ya sindano. Usisukume sindano kabla hujasogeza probu na kuitafuta ncha. Ndiyo sababu tulinunua vielelezo: kosa hilo linasahihishwa kwa mazoezi, na mgonjwa si mahali pa kulifanyia.

Mwanachama mmoja aliniandikia kwa ukali akitaja jaribio la UNIVERSAL la 2022. Ni kweli, na sitalificha. Kwa wagonjwa 621, kuvuja damu na madhara ya mshipa yalikuwa asilimia 12.9 kwa ultrasaundi na 16.1 bila hiyo, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Lakini ndugu yetu hakusoma mistari iliyofuata. Waliofanikiwa kwa sindano ya kwanza walikuwa asilimia 86.6 dhidi ya 70. Jaribio la FAUST la 2010, wagonjwa 1,004, lilipata 83 dhidi ya 46, vena iliyodungwa bila kukusudia 2.4 dhidi ya 15.8, na madhara ya mshipa 1.4 dhidi ya 3.4. Majaribio yote mawili yalifanywa hasa kwa wagonjwa wa moyo. Wetu wana ateri mbaya zaidi na hupewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, vilevile, uniti 70 hadi 100 kwa kilo. Uamuzi unabaki.

Mahudhurio. Hapa naomba nisiwe mpole. Tuko wanachama 68, lakini mikutano miwili iliahirishwa kwa kukosa akidi. Wengine husaini daftari asubuhi na hawaonekani tena. Wengine huingia kwa mtandao, wakazima kamera na kubaki jina tupu kwenye skrini hadi saa ya vyeti. Siku ya mazoezi ya kudunga, ambayo ndiyo iliyopigiwa kelele kuliko zote, walikuja watu 11, na kati yao hapakuwa na hata mmoja wa walioandika barua za malalamiko.

Ada zimelipwa na wanachama 27. Waliobaki 41 wanadaiwa, na kati yao wamo waliokwisha kuazima mashine. Mashine haijiendeshi kwa sifa. Inahitaji jeli safi, na mfuko wa probu usio na vijidudu hutumika mara moja tu na kutupwa. Mwanachama aliyependekeza mifuko ioshwe na kurudiwa nimemjibu kwa maandishi na sitarudia maneno yale hapa. Mhazini ana orodha ya wadaiwa na nimemruhusu kuibandika.

Daftari la madhara nalo linasikitisha. Fomu ni ukurasa mmoja: mahali palipodungwa, ukubwa wa ala, idadi ya majaribio ya sindano, namna ya kufunga tundu, hali ya kinena na mapigo ya mguu baada ya saa 24. Zilizorudi ni chache na karibu zote ni za kazi zilizokwenda vizuri. Kama hakuna kati yetu aliyepata uvimbe wa damu kinenani mwaka mzima, basi sisi ni wa ajabu kuliko waliofanya majaribio niliyoyataja. Fomu haiulizi jina la daktari. Niliisisitizia kamati iliondoe ili mtu asiwe na kisingizio.

Kuhusu mwaka ujao, tunatarajia kupanua mafunzo hadi kudunga ateri ya kifundo cha mkono na ya mguu kutoka chini kwenda juu, kutafuta wafadhili, na ikiwezekana kupata kielelezo chenye ateri ya chokaa. Kuna mazungumzo pia kuhusu kutumia gesi ya kaboni dioksaidi badala ya dawa ya rangi kwa wenye figo dhaifu, kwa mishipa iliyo chini ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) tu. Tutaona hali ya mfuko.

Nafasi ya mwenyekiti itapigiwa kura leo. Niko tayari kuendelea endapo mtaona inafaa. Mwenye probu iliyoazimwa mwezi wa nane airudishe kabla ya kura kuanza, pamoja na waya wake.

Mwenyekiti