Tairi nne za Noah: niagize Nairobi mtandaoni ama nikachukue dukani Mwembe Tayari?

Asalam alaikum wasomaji wenzangu, na wasio wa salamu hio hamjambo. Mi ni mama wa watoto watatu naishi huku Kisauni, Mombasa, kazi yangu ni kupikia watu, maharusi, hitma, wakati mwengine mikutano ya maofisi, na gari yangu ni Noah ya zamani kidogo ambayo bila hio hakuna kazi manake sufuria la biriani la watu mia halipandi tuktuk. Naomba ushauri wenu kuhusu tairi, na naomba mnijibu nyinyi mnaoendesha na kutoa pesa mfukoni, sio wale watakaonambia muachie mume wako hayo.

Shida yenyewe ni kua tairi zote nne zimekwisha kwa mpigo. Fundi wangu wa hapa Mlaleo aliinua gari kwa jeki akaniita nije nione kwa macho yangu, akamulika tochi ya simu kule ndani ya tairi ya mbele, yaani upande wa nje ukiangalia meno yapo lakini ule upande unaotazama injini ni kipara kabisa, alafu akanionesha vile vituta vidogo vya mpira vilivyo ndani ya mifereji, pale ubavuni pameandikwa TWI ndio usawa wake, akasema mama hivi vituta vikilingana na meno ujue imebaki milimita 1.6 na hapo ni kutoa hakuna mjadala. Zangu za mbele zimelingana zamani. Za nyuma meno bado yako yako lakini ubavuni zina nyufa kama kisigino cha mtu asiyejua mafuta, jua la hapa mwalijua na gari inashinda nje kutwa.

Sa hii ni Shaabani, harusi juu ya harusi, kila mtu ataka amalize kabla ya mfungo. Leo niko Majengo kesho navuka feri, na pale Likoni ule mteremko wa kuingilia feri ukirowa unasikia kabisa gari inateleza kidogo kabla ishike, nami nyuma nina masufuria ya moto na wasichana wawili wamekaa kando yake. Kwaivo kusubiri sitaki.

Sasa shemeji yangu, ndugu yake baba watoto, yuko Nairobi na yeye kila kitu ni mtandaoni, mpaka sabuni. Akanitumia picha ya tairi 195/65R15, saizi yangu hasa hio, iko kwenye kile kikaratasi cha mlangoni kwa dereva mkitaka kujua yenu, bei 7,200 moja. Nikaenda kwa mzee mmoja mwenye duka Mwembe Tayari, nimezoea kwenda kwake, kampuni hiohio ya Uchina, muundo uleule wa meno, akanambia 9,500. Nkamwambia mzee si utanipunguzia, akasema binti yangu hio nishapunguza kabla hujaomba. Kwa tairi nne hapo ni 28,800 na 38,000, tofauti 9,200, na mimi 9,200 ni mishahara ya wasichana wangu kwa harusi nzima na kuku juu yake.

Shemeji akaona kesi imeisha. Lakini mi nkakaa na kalamu. Kusafirisha kwa basi kutoka Nairobi ni 400 kila tairi, hapo 1,600. Zikifika fundi ataka 500 kila moja, kuvua ile ya zamani, kuvalisha na kubalansi, 2,000. Valvu mpya mia mia, manake ni ujinga kuvalisha tairi mpya kwenye valvu iliyokauka. Jumla inakua 32,800. Yule mzee 38,000 yake ina kila kitu ndani, valvu, kubalansi, na pancha nikipata anaziba bure. Kwaivo ile 9,200 imekua 5,200. Bado ni pesa, sisemi si pesa, lakini sio ile tofauti niliyooneshwa mwanzo na shemeji hapendi nikiitaja hii hesabu. Alaimenti, ile ya kunyosha magurudumu yakae sawa, sijaitia kote kuwili kwa sababu hio ni lazima nifanye popote nitakaponunua, zile za mbele hazikuliwa ndani peke yake bure, na fundi ashaniapia kua nikivalisha mpya bila kuinyosha gari baada ya miezi kidogo tutarudi palepale.

Sasa kuna mambo mawili yananikeresha huko mtandaoni. La kwanza, nilimwandikia muuzaji naomba unipigie picha ya DOT. Kwa wasiojua, ubavuni mwa tairi pana herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwaivo ukiona 3522 hio ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2022. Hii ni muhimu kwa sababu mpira unazeeka hata ukiwa umekaa stoo, Michelin wenyewe wanasema tairi ikipita miaka 5 ikaguliwe kila mwaka na ikifika 10 itolewe hata kama meno yote yapo. Basi yule bwana akatuma picha, DOT ipo, herufi zipo, zile tarakimu nne hamna. Mi moyo ukaruka nkasema huyu ananificha. Fundi akacheka akanambia mama usimhukumu mtu, tarehe hua inapigwa upande mmoja tu wa tairi, ule mwengine unakua na DOT nusu, mwambie ageuze. Nikamwambia ageuze. Akasema mzigo uko stoo atanitumia kesho. Hio kesho haijafika mpaka naandika hapa, lakini ujumbe wa "bado unahitaji boss?" unafika kila asubuhi, ananiita boss hajui kama ni mwanamke.

La pili ndio lilinitia wasiwasi zaidi. Alinambia kama nataka nafuu zaidi anazo 195/60R15 za 6,300, rimu ni ileile 15, "itaingia vizuri tu". Ni kweli rimu itaingia. Lakini ile yangu ina namba 91 baada ya saizi, na 91 maana yake kila tairi yabeba mpaka kilo 615, ile ya 60 aliyonitumia ina 88 ambayo ni kilo 560. Ni kilo 55 kila tairi, nne ni 220, hizo ni sufuria zangu na wali ndani na wale wasichana. Na juu ya hapo tairi yenyewe ni fupi, gari itashuka kama sentimita moja, nendeni mkaone matuta ya mtaani kwetu ndio mtajua sentimita moja ni nini. Mtu asiyejua angeichukua, akaona amepata.

Lakini nisije nikaonekana napigia duka debe. Kuna duka jengine hapa mjini, si la yule mzee, siku za nyuma liliniuzia tairi mbili "mpya kabisa" zilizokua zimepangwa nje barabarani juani kama maonesho, zina makaratasi yake na rangi bado, fundi kuziangalia zilikua na miaka sita tayari. Kurudi yule kijana wa dukani akanambia mpya ni isiyotembea barabarani, na risiti yangu ilikua ya mkono haina hata jina la tairi. Kwaivo ile habari ya kua dukani waona unachonunua, ni kweli waona, lakini lazima ujue unaangalia nini. Na pia kuna zile za ex-Japan, yaani zilizotumika Japani zikaletwa huku, ambazo kila mtu hapa anakwambia ni bora kuliko mpya ya Uchina, meno makubwa, mpira laini, elfu tatu na kitu. Mi hizo sizitaki, sijui ilitembea wapi wala ilitolewa kwa nini, ila kama kuna mwenye hoja ya maana nitamsikiliza.

Fundi nae ana la kwake. Anasema tairi za kutumwa mara nyengine husafirishwa zimebanwa moja ndani ya nyengine kuokoa nafasi, zikikaa hivo muda mrefu mdomo unapinda na haikai sawa kwenye rimu, na ikiwa hivo yeye hahusiki. Sijui anasema ukweli ama analinda biashara ya mzee, manake hao wawili wanajuana na ndie aliyenipeleka pale mara ya kwanza. Nikimuuliza kwani unapewa kitu kidogo anaangalia pembeni. Simlaumu, kila mtu yuko kazini.

Tena kuna suala la ikiharibika. Mzee anasema tairi ikitoa nundu ubavuni kwa kosa la kiwanda anabadilisha, ikiwa ni shimo la barabarani habadilishi. Sawa, lakini ni nani anaamua kua ni shimo ama ni kiwanda? Ni yeye mwenyewe. Hata hivo yeye ana mlango, nitaenda nisimame pale na baibui langu mpaka wateja wengine wageuke. Wa mtandaoni ana namba ya simu tu. Mpwa wangu anasomea sheria akanambia Kenya tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 na imegusa mpaka makubaliano ya kununua kwa intaneti, muuzaji anatakiwa akupe maelezo yote na akupe nafasi ya kukubali ama kukataa kabla hujafunga mkataba. Nkamuuliza sasa mwanangu huyu boss wa Nairobi nitampelekea hio sheria wapi. Hakunijibu.

Baba watoto yeye hataki kuingia kati, huku ni nduguye na huku ni mkewe, anasema fanya unaloona sawa lakini shemeji asijihisi. Na shemeji ashajihisi, kwenye simu juzi ananambia "shem nyinyi wa pwani mwapenda kudanganywa ana kwa ana". Nikacheka lakini ilinichoma.

Mzee amenipa njia ya tatu, nichukue mbili sasa na mbili baada ya harusi mbili tatu, pesa zikiingia. Hapa ndio nataka mwenye ujuzi anisaidie, manake Noah inavutwa na tairi za mbele na fundi anasema mpya ziende mbele ndiko kuliko na kazi, lakini nimesoma kampuni za tairi zenyewe zinasema mpya mbili ziwekwe nyuma siku zote, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye maji gari inazunguka na huwezi kuirudisha, mbele ikiteleza angalau unaachia mafuta inashika. Mkiweka nyuma, basi zile za nyuma zenye nyufa ndio zije mbele? Hilo silitaki hata kulifikiria na mzigo ule.

Kwaivo naomba mnambie. Kuna aliyeagiza tairi Nairobi zikafika Mombasa zikiwa sawa, tarehe sawa, na akalipa baada ya kuziona sio kabla? Huyu wangu anataka nusu kwa M-Pesa kwanza ndio azipeleke basi, na nusu zikifika, nami hio nusu ya kwanza ni 14,400 kwa mtu asiyeweza hata kugeuza tairi akapiga picha. Kama kuna wauzaji wanaokubali nilipe zote pale stendi ya basi baada ya kuzikagua na fundi, basi hio 5,200 naitaka na nitamwambia mzee samahani. Kama hakuna, 9,500 ya Mwembe Tayari ni bei ya haki ama nikaze roho nimvute mpaka 8,800? Kuna anayenunua hio saizi mjini kwa pungufu ya hapo na akapewa risiti ya KRA yenye jina la tairi? Alhamisi nina harusi ya watu mia tatu ng'ambo ya Likoni, nataka niwe nishavalisha kabla ya hapo.

Mpishi wa Kisauni