Kwa Nini Range Rover Mbili Zenye Sura Moja Hazitengenezwi kwa Bei Moja

Malalamiko yanayotufikia mara nyingi zaidi hapa gerejini hayahusu kazi tuliyoifanya, bali bei tuliyoitaja kabla hata hatujashika spana. Mteja anatuonyesha kwenye simu bili ya rafiki yake mwenye Range Rover "kama yangu kabisa", rangi ile ile na taa zile zile, kisha anauliza kwa nini kwetu oili ya giaboksi au pampu ya maji iwe ghali zaidi. "Fundi, Range ni Range," alituambia mzee mmoja mwenye gari la 2004, naye akaondoka akiamini kwamba tuliangalia kwanza saa aliyovaa ndipo tukapanga bei. Makala haya ni jibu letu kwake na kwa wengine wenye dukuduku kama lake. Jibu lenyewe linaanzia Uingereza, kwa sababu jina la Range Rover limepita katika mikono mingi, na karibu kila mmiliki aliyelishika aliacha vyuma vyake ndani ya gari.

Kampuni ya Rover ilionyesha Land Rover ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Maurice Wilks, aliyekuwa kiongozi wa wahandisi, alitaka gari la shambani, na bodi yake ikatengenezwa kwa aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita. Range Rover ilifuata mwaka 1970, ikiwa kazi ya Spen King na Gordon Bashford, na hapo ndipo wenzetu wengi hushangaa: gari hilo halikuzaliwa likiwa la kifahari. Lilikuwa na milango miwili, viti vya plastiki na sakafu ya kuoshwa kwa mpira wa maji, nalo liliuzwa kwa pauni 1,998. Lililolitofautisha ni ufundi wa chini, yaani springi za koili badala ya springi za mabapa, breki za diski kwenye magurudumu yote manne, na nguvu iliyokwenda kwenye magurudumu yote muda wote. Injini yake ya V8 ya lita 3.5 ilikuwa ya aluminiamu, na asili yake ilikuwa Buick ya Marekani, ambako Rover walinunua haki za kuitengeneza. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Range Rover ilikuwa gari la Kiingereza lenye injini iliyobuniwa ng'ambo.

Anasa iliongezwa polepole mno. Rover ilikuwa tayari ndani ya British Leyland, kampuni kubwa iliyoundwa 1968, ikaelemewa na madeni na migomo hadi serikali ikalazimika kuitaifisha 1975. Katika hali hiyo Range Rover ilisubiri miaka 11 kupata milango minne kutoka kiwandani, ingawa wateja walikuwa wakiiomba na mafundi wa nje walikuwa wameanza kuikata na kuiongezea wenyewe. Sifa mbaya ya mwanzo, ya nyaya zinazogoma na milango isiyofungwa sawasawa, ilitoka katika kipindi hicho, na hatutaitetea. Kampuni iliipata kihalali.

Hata hivyo kuna lawama ambazo gari hubebeshwa bila kosa lake, na mfano tunaoupenda ni wa msafara wa Waingereza wa mwaka 1971 na 1972, uliotoka Alaska hadi ncha ya kusini ya Amerika kwa Range Rover mbili, chini ya uongozi wa John Blashford-Snell. Walipofika kwenye msitu na vinamasi vya Darien, kati ya Panama na Kolombia, difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia, zilianza kuvunjika moja baada ya nyingine. Kilichobainika ni kwamba magari yalikuwa yamezidishiwa mzigo na kufungwa matairi makubwa ya kinamasi ambayo hayakuwa yake, na uzito wa matairi hayo ndio uliokuwa ukipasua difu. Kila tunapoletewa Range Rover iliyofungwa rimu kubwa kuliko kipimo chake, huku mwenyewe akilalamika kwamba beringi na bushi hazidumu, msafara huo hutajwa hapa gerejini.

Sasa turudi kwenye bei. Mwaka 1994 kampuni ya Ujerumani ya BMW iliinunua Rover yote, na chini yake ndipo ilipoundwa Range Rover ya kizazi cha tatu, ambayo mafundi huiita L322. Kabla haijaingia sokoni, BMW walikuwa wameshaiuza Land Rover, tawi la Rover linalotengeneza Range Rover, kwa Ford, mwaka 2000. Matokeo yake, gari lililoanza kuuzwa 2002 lilikuwa na injini za BMW, V8 ya petroli ya lita 4.4 na dizeli ya lita 3.0, pamoja na giaboksi za gia tano. Ford nao walikuwa na Jaguar mkononi, na kuanzia modeli ya 2006 wakaziondoa injini za petroli za Kijerumani na kuweka za Jaguar pamoja na giaboksi ya gia sita. Dizeli ya BMW nayo ikafuata mlango huo huo muda mfupi baadaye. Mwaka 2008 Tata Motors ya India ikanunua Jaguar na Land Rover kwa pamoja, na kuanzia modeli ya 2010 ikaja V8 ya petroli ya lita 5.0. Bodi ni ile ile, jina ni lile lile, lakini ndani kuna magari matatu. Pampu ya maji ya 2004 haiingii kwenye gari la 2007, na ya 2007 haiingii kwenye la 2011.

Jambo linazidi kuvurugika kwa sababu wengi hununua gari la 2003, kisha hulibadilishia taa, grili na bampa za 2011 ili lionekane jipya. Hatuoni ubaya katika kupendezesha gari. Ubaya unakuja pale mwenyewe, au aliyemuuzia, anapoanza kuliita la 2011, na spea zinanunuliwa kwa kufuata taa. Ndiyo maana huwa hatutaji bei kwa picha ya WhatsApp, bali tunaomba namba ya chesesi. Namba hiyo huanza na herufi SAL, na alama ya kumi kutoka mwanzo ndiyo inayoonyesha mwaka wa modeli: 3 ni 2003, 6 ni 2006, na herufi A ni 2010. Mzee wetu wa "Range ni Range" alikuwa na injini ya BMW, rafiki yake alikuwa na ya Jaguar, na bili mbili walizozilinganisha hazikuwa na spea hata moja inayofanana isipokuwa vifuta vioo.

Kuna pia Range Rover Sport, iliyotoka 2005. Watu hudhani ni Range Rover iliyopunguzwa urefu, lakini ile ya kwanza ilikaa juu ya fremu ya Discovery 3, wakati Range Rover kubwa ya wakati huo haina fremu ya kutengana na bodi. Tofauti hiyo humfikia mteja siku turbo ya dizeli ya V6 inapokufa, kwa sababu njia iliyo salama zaidi ya kuifikia ni kufungua bodi nzima na kuinyanyua juu ya fremu. Dada mmoja alikuja bila taarifa akalikuta gari lake limegawanyika vipande viwili, bodi ikining'inia kwenye lifti na magurudumu yakiwa sakafuni, akapiga simu kwa mumewe akisema tumemchinjia gari. Yapo magereji yanayojaribu kuifungua turbo hiyo kwa kupenyeza mikono pembeni, nayo hutoza nusu ya bei yetu. Kisha boliti zinakatika mahali pasipofikika, na gari linaletwa kwetu likiwa juu ya gari la kuvuta.

Njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi kuliko zote, hata hivyo, ni ya springi za upepo, yaani mifuko ya mpira iliyojazwa hewa badala ya koili za chuma. Range Rover zilianza kuzitumia mwaka 1992, na hadi leo ndizo zinazolipa gari ule utulivu wake. Dalili ya kwanza inajulikana: jioni gari limeegeshwa likiwa sawa, asubuhi limelala, mara nyingi upande mmoja. Linawashwa, linanyanyuka, mwenyewe anaendelea na safari zake kwa miezi. Kisha siku moja halinyanyuki kabisa, fundi wa jirani anasema kompresa, yaani pampu inayojaza springi hizo upepo, imekufa, inanunuliwa nyingine, gari linasimama, na baada ya muda mfupi kompresa mpya nayo inaungua. Hapo ndipo tunapoambiwa kwamba Range Rover ni gari la hasara.

Kompresa haikuwa mgonjwa. Mgonjwa ni mfuko wa mpira uliopasuka au boksi la vali (linalogawa upepo kwa kila springi) lisiloziba, na kuweka kompresa mpya bila kuziba uvujaji huo ni sawa na kupiga pampu tairi lenye pancha kutwa kucha. Kompresa hiyo imeundwa kufanya kazi kwa muda mfupi kisha ipumzike. Upepo ukivuja, haipumziki. Inapata joto na ringi yake ya ndani inakwisha. Pembeni yake kuna kikaushio chenye chembe zinazonyonya unyevu wa hewa, na kwa hewa ya pwani kama yetu, kompresa isiyopumzika huzilowesha chembe hizo hadi zinasagika. Tukifungua boksi la vali la gari lililobadilishwa kompresa mara kadhaa, tunakuta unga mweupe umeganda kwenye matundu ya vali, laini kama poda kwenye vidole. Unga huo unazuia vali kufunga, uvujaji unaongezeka, na kompresa ya tatu inaanza safari ya zile mbili.

Kazi yetu katika tatizo hilo huanza jioni. Tunanyanyua gari hadi kimo chake cha juu kabisa, kwa sababu mpira wa springi hupasuka kwenye mkunjo wake wa chini na gari likiwa chini mkunjo huo haupulizwi vizuri. Tunapuliza maji ya sabuni kwenye kila springi, kila kiungio na kila mrija, tunaangalia povu, kisha tunapima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, na kuandika. Gari linalala hapa. Asubuhi tunapima tena. Mteja akiuliza kwa nini upimaji unachukua usiku mzima, jibu ni kwamba uvujaji mdogo hauonekani kwa saa moja, na huo mdogo ndio unaoua kompresa.

Wengine huamua kung'oa mfumo wote na kuweka springi za koili. Akilazimika mteja, tunamfungia, lakini tunamwambia mapema anachokipoteza: gari halitashuka tena ili mama mtu mzima apande bila taabu, wala halitanyanyuka likipita kwenye maji ya mvua. Na kwenye L322, springi za upepo za kushoto na kulia huunganishwa na vali gari linapokuwa kwenye njia mbovu, ili gurudumu moja likipanda jingine lishuke na kubaki ardhini. Ukiweka koili, uwezo huo unaondoka moja kwa moja.

La mwisho ni themostati, vali inayozuia maji ya kupozea yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Bado wapo mafundi wanaoitoa na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha Ulaya. Injini hizi ni za aluminiamu, na zilipangiwa joto maalumu la kufanyia kazi. Bila themostati, injini huchelewa kupata joto hilo, inakula mafuta zaidi, na kibaya kuliko vyote ni kwamba uvujaji wa kulanti (hayo maji ya kupozea injini) unafichika kwa muda. Kwenye V8 ya lita 5.0, mabomba ya plastiki ya kulanti hupasuka kwenye maungio kutokana na umri, na moja limejificha nyuma ya injini ambako huwezi kuliona kwa kufungua boneti tu. Mwenye gari anaongeza maji ya bomba kila asubuhi, hadi siku ya foleni ndefu gari linachemsha na silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, inapinda. Bomba lenyewe si ghali, ila kuchonga silinda hedi ni habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo anayetaka bei kutoka kwetu alete namba ya chesesi, aseme gari lilitoka Japani au Uingereza (yale ya Uingereza hukaguliwa chini kwa makini zaidi kwa sababu ya kutu inayotokana na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi), na atueleze bila kuficha nani alilifungua kabla yetu na alibadilisha nini. Upimaji unalipiwa, na mteja akikubali tufanye kazi, malipo hayo yanakatwa kwenye bili. Spea alizonunua mwenyewe tutazifunga zikilingana na namba ya chesesi, lakini dhamana yetu itakuwa kwenye ufundi tu. Vifaa vya zamani anarudishiwa vyote, pamoja na boksi la vali, akitaka kuuona huo unga mweupe kwa macho yake.