Utando mwembamba ndani ya nyonga na wagonjwa wetu wa saratani ya puru

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo nililolibeba moyoni tangu nilipokuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, kabla sijastaafu na kurudi kwetu Mkoani, Pemba. Nalo ni upasuaji wa saratani ya puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, yenye urefu wa kiasi cha sentimita 15, iliyojificha ndani ya nyonga. Wengi wetu huuzungumzia upasuaji huu kana kwamba ni kukata kipande cha utumbo na kuunga, basi. Sivyo hata kidogo.

Puru halikai peke yake. Limezungukwa na mafuta yenye mishipa ya damu na tezi za limfu, na mafuta hayo yamefunikwa na utando mwembamba unaong'aa, ambao madaktari huuita fashia ya mesorektamu. Nje ya utando huo kuna tabaka la nyuzi nyeupe, laini mithili ya sufi, na ng'ambo yake ndipo ulipo ukuta wa nyonga. Saratani ikitoka ndani ya puru, mara nyingi hutangulia kuenea katika yale mafuta na tezi zake. Kwa hiyo daktari anayepita ndani ya sufi, polepole na kwa macho yake, hulitoa puru pamoja na mafuta yake yote yakiwa bado yamefungwa, ilhali anayelivuta kwa mkono huuchana utando na huweza kuiacha saratani nyuma. Aliyewahi kumenya balungi atanielewa: ukipata njia kati ya ule weupe na ngozi ya kipande, kipande hutoka kizima, ukikosea kidogo tu, maji yamekwisha kumwagika.

Katika njia hiyohiyo ndimo inamopita mishipa ya fahamu ya kibofu na ya unyumba. Huteremka mbele ya sakramu, ule mfupa mpana wa mwisho wa uti wa mgongo, mmoja kulia na mwingine kushoto, kisha hutawanyika kama wavu kwenye kuta za nyonga. Upande wa mbele kuna utando mwingine, uliopewa jina la Mfaransa Denonvilliers aliyeueleza mwaka 1836, unaolitenga puru na tezi dume kwa mwanamume, na uke kwa mwanamke. Nyonga ya mwanamume kwa kawaida ni nyembamba zaidi, na hapo ndipo mkono wa daktari hupata taabu kubwa.

Maarifa haya si mapya. Mwaka 1982 daktari wa Uingereza, Bill Heald wa mji wa Basingstoke, alieleza kwa nini mafuta hayo yatolewe yote ndani ya utando wake. Wakati ule, katika hospitali nyingi, ugonjwa ulikuwa ukirudi nyongani kwa mgonjwa mmoja kati ya wanne au hata zaidi. Siku hizi, pale kazi inapofanywa vizuri, ni chini ya mmoja kati ya kumi. Mwaka 1986 mtaalamu wa patholojia Phil Quirke na wenzake wa Leeds, Uingereza, walivichunguza kwa kuvikata vipande vilivyotolewa na madaktari, wakaonesha kuwa saratani iliyofika ukingoni mwa kipande ndiyo mara nyingi hurudi. Hadi leo milimita 1 kati ya saratani na ukingo huo ndiyo mpaka unaotazamwa. Norway na Sweden, katika miaka ya 1990, ziliwafundisha upya madaktari wao wa upasuaji, na matokeo yakaboreka kwa ufundi huo, bila dawa mpya.

Ami yangu alipasuliwa katika hospitali ambayo sitaitaja. Nilikiona kipande kilichotolewa, kimelala kwenye sinia: upande mmoja ulikuwa laini na unameremeta, na upande wa pili mafuta yamechanika, misuli ya puru inaonekana wazi. Hakuna aliyesema neno, na mimi sikusema. Haikutimia miaka miwili akaanza kulalamikia maumivu ya mgongoni chini, asiweze kukaa, na mkojo ukawa hautoki ila kwa mpira. Kunyamaza kwangu siku ile kunaniuma hadi leo.

Kuna na jambo la haya, ambalo huwachelewesha watu wetu. Mtu huona damu chooni miezi mingi, akaambiwa au akajiambia ni bawasiri, bila ya daktari kumpima kwa kidole, kipimo cha dakika moja ambacho hugundua uvimbe mwingi ulio chini.

Ninachoiomba Wizara yetu ya Afya ni hiki. Mgonjwa wa saratani ya puru asikatwe kabla ya kufanyiwa kipimo cha MRI cha nyonga, kwani hicho ndicho kinachoonesha uvimbe uko umbali gani na ule utando. Ukiwa umeukaribia sana, aanze na mionzi, kama wagonjwa wetu wanavyopelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ndipo apasuliwe. Upasuaji huu wakabidhiwe madaktari wachache waliosomea kazi hii na wanaoifanya mara kwa mara, badala ya kila mmoja kujaribu mgonjwa wake mmoja kwa mwaka. Najua safari ni nzito kwa anayetoka Pemba kwa boti, na familia hulala nje ya wodi. Lakini ni nzito zaidi kuifanya mara ya pili, ugonjwa ukiwa umerudi. Na kipande kinachotolewa kipigwe picha mbele na nyuma kabla ya kupelekwa kikiwa kizima maabara ya patholojia, wanakochunguza nyama za mwili, na ripoti iandike wazi kama utando umetoka mzima au umechanika, kisha mgonjwa apewe nakala yake.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Mkoani, Pemba