Tukigoma kulipia uchunguzi, fundi wa Benzi atakula kwenye spea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji. Ukikaa kijiweni na wenye Benzi na BMW za zamani hapa Dar utasikia yale yale, mafundi wezi, mafundi waongo, bora ningenunua Toyota IST nikalala usingizi. Sikatai, wezi wapo na mafundi maiko, wale wa kubahatisha, wamejaa, lakini kuna kitu sisi wateja tunakifanya kinachowalea hao hao tunaowalalamikia na hakuna anayetaka kukisema. Hatutaki kulipia akili ya fundi, tunalipia spana tu.

We angalia inavyokuwaga. Unapeleka E-Class yako ya 2005, taa imewaka kwenye dashibodi, unamwambia fundi hebu nichekie hiyo ni nini. Jamaa anachomeka mashine, anafungua boneti, anaingia uvunguni, saa nzima imeisha, halafu akikwambia bosi nipe elfu thelathini unashangaa, yaani kuangalia tu elfu thelathini? Unamwachia elfu tano ya soda unawasha gari. Sasa huyo mtu ana watoto, atakula wapi? Atakula kwenye spea. Akienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, kuchukua kitu cha laki mbili wewe unaandikiwa laki tatu na nusu, cha juu chake hicho. Na mtu ambaye riziki yake ipo kwenye spea hawezi kukwambia kaka hapa hakuna cha kununua, kaza tu hii nati uende nyumbani. Kwenye Corolla utaumia kidogo maana spea bei chee, ila kwenye Benzi fundi akibahatisha mara moja tu kodi ya nyumba imeondoka.

Benzi yangu ina ile saspensheni ya upepo, wanaita Airmatic. Ikaanza kulala mbele kushoto ikikaa usiku, asubuhi ukiwasha inanyanyuka polepole. Gereji moja kubwa tu, kiyoyozi kipo, tisheti zina nembo, sitaitaja, wakasema bosi hiyo kompresa, ile pampu ya kujaza upepo, imekufa. Tukafunga kompresa, gari likasimama vizuri, baada ya muda likalala tena na ile kompresa mpya nayo ikaungua. Ndo nikaelekezwa kwa kijana mmoja yuko chini ya mwarobaini, hana hata bango, akaniambia kabla sijagusa chochote unilipe ya kuangalia, ukitaka kutengenezea kwingine ruksa. Nikamlipa. Akakoroga maji na sabuni ya unga, akatia kwenye chupa ya kupulizia, akapuliza ule mpira wa upepo wa saspensheni, wa mbele kushoto, halafu akachuchumaa pale na tochi ya simu bila kusema kitu. Povu likaanza kuvimba taratibu kwenye mkunjo wa mpira. Kumbe upepo ulikuwa unatokea pale siku zote, kompresa inafanya kazi bila kupumzika kujaza kitu kinachovuja, itaachaje kufa? Akasema na rilei yake, ile swichi ya umeme ya kuiwasha na kuizima, tubadilishe, maana ikinata kompresa haizimi. Mashine ya gharama hakuwa nayo, alikuwa na muda, na muda wake nilishaulipia kwa hiyo hakuwa na haraka ya kuniuzia kitu.

Kwa wenye E-Class za toleo la W211 za kuanzia 2002 mpaka 2006, zile zenye breki za SBC, kuna namna rahisi ya kumjua fundi. Breki zile zinasukumwa na pampu ya umeme, na inaweza kujiamsha yenyewe hata ukifungua tu mlango, kwa hiyo kabla ya kutoa brake pad lazima mfumo uzimwe kwanza, la sivyo pistoni zinaweza kumbana fundi vidole. Akija moja kwa moja na wili spana bila kuuliza habari ya pampu, chukua ufunguo wako mshukuru uondoke. Na akikwambia pampu imekufa tutafute ya mtumba, muulize hiyo ya mtumba imeshahesabu mara ngapi, maana ile kitu inahesabu kila unapokanyaga breki, ikifika ukomo wake inakuwashia taa. Unaweza ukanunua iliyobakiza kidogo kuliko yako, na hapo tunaongelea breki jamani, sio redio. Mercedes wenyewe waliachana na SBC kwenye E-Class zilizofanyiwa marekebisho 2006.

Wa BMW nao wana yao. E90, lile toleo la 3 Series, ukiweka betri mpya bila kuisajili kwenye kompyuta ya gari, gari linaendelea kuichaji kama ile chakavu, ikifa mapema unaambiwa alternata ndo mbovu. Na lile neno kwamba oil ya gia boksi haibadilishwi mpaka gari lizeeke, ZF wenyewe wanaotengeneza gia boksi nyingi za BMW wanashauri ibadilishwe kati ya km 80,000 na 120,000. Fundi asiyejua hilo atakuuzia gia boksi nzima.

Najua VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa cheti, ni jambo zuri, ila cheti hakinionyeshi kama huyu mtu amewahi kushika Airmatic au ndo anajifunzia kwangu. Ninachotaka mimi ni bei ya uchunguzi iandikwe ukutani kama wauza chipsi wanavyoandika, tatizo liandikwe kwenye karatasi, spea nikanunue mwenyewe kwa namba ya chasisi kama nataka, na ile iliyotolewa nikabidhiwe mkononi hata kama ni chuma chakavu. Tukikubaliana hivyo fundi mzuri wa mtaani atashiba bila cha juu, na bado atakuwa nafuu kuliko wale wa kiyoyozi.

Wateja wenzangu najua mtanishambulia kwa hiyo elfu thelathini. Ila mafundi mnaosoma gazeti hili hebu jibuni, mtu akija na hela ya kuangalia tu, spea hanunui kwako, mtampokea au mtamwambia arudi kesho?

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam