Leta pakiti kwenye mizani, shosho

Ikifika wiki ya mwisho ya Novemba, shule zimefungwa na wajukuu wako njiani, swali la kwanza hapa dukani kwetu Jericho hubadilika. Si "mna kashata?" tena. Ni "hii mwaka jana ilikuwa ngapi?" Wanaouliza wengi ni shosho na guka wenye wajukuu watano, sita, na pesa ileile ya mwaka jana.

Mimi huanzia kwenye mizani. Juzi mteja wetu wa siku nyingi alipita na biskuti alizonunua kwingine, pakiti shilingi 50. Tukaigeuza tukasoma: gramu 40. Kwa hesabu hiyo, kilo ya biskuti inamtoka shilingi 1,250. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nyama yenyewe haijafika huko!" Ndiyo mchezo wenyewe. Bei ya mbele inabaki palepale, kinachopungua ni cha ndani. Kwa hivyo usiulize pakiti ni ngapi. Tafuta gramu kwanza, hata kwa bidhaa zetu.

Chokoleti ina kisa chake. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Kodivaa na Ghana, na mavuno huko yaliharibiwa na hali ya hewa na magonjwa ya miti. Tani moja, ambayo kwa miaka ilikuwa ikizunguka dola 2,000 hadi 3,000, ilipita dola 12,000 Desemba 2024 katika soko la New York. Ilishuka mwaka uliofuata, lakini bei za dukani hupanda kwa lifti zikashuka kwa ngazi. Baadhi ya watengenezaji walipunguza kipande, wengine wakaweka mafuta ya mimea mahali pa siagi ya kakao. Mafuta hayo si sumu, ila usiyalipie bei ya chokoleti. Mjukuu akililia chokoleti, nunua moja nzuri uikate vipande. Na kama unasafiri kwenda ushago, kumbuka kwamba ikishinda kwenye begi pale Country Bus, utafika na uji.

Kashata haiyeyuki. Hiyo ndiyo kazi yetu, kwa hivyo hapa nitakawia.

Ukitaka kupika mwenyewe, njugu nusu kilo zilizokaangwa na kupepetwa zinatosha na sukari vikombe viwili visivyojaa. Yeyusha sukari bila maji, moto mdogo, mpaka iwe rangi ya chai ya rangi. Mimina njugu, geuza haraka, mwaga kwenye sinia iliyopakwa mafuta, kata kabla haijapoa. Ukichelewa dakika mbili tu utahitaji nyundo. Watoto wakae mbali na jiko: maji hapa Nairobi huchemka hata kabla ya nyuzi 100, kwa kuwa tuko juu, lakini sukari hiyo inapita 160 na inanata kwenye ngozi.

Kazi kubwa iko kwenye kuchagua njugu. Iliyokunjamana, yenye kuvu au chungu, tupa. Kukaanga hakumalizi sumu ya kuvu, na waliokuwa Ukambani mwaka wa 2004, mahindi yalipoua watu, hawahitaji kuelezwa. Mwaka jana muuzaji mmoja wa jumla alituletea gunia zuri juu, chini lina unyevu. Tulilitupa lote. Niliumia, sitaficha, na hasara kama hiyo ni sehemu ya bei unayoiona kwetu.

Wadogo chini ya miaka minne usiwape njugu nzima wala kashata, zinakwama kooni. Wao wape embe. Desemba msimu wa maembe ya Ukambani huwa umeshika, na Marikiti utapata mengi kwa bei ya pakiti mbili za biskuti. Sisi hatuuzi maembe, lakini ukweli ni ukweli.

Mabuyu mekundu tunayo pia. Rangi tunaweka kidogo, kwa hiyo ulimi utakuwa mwekundu lakini shati la Krismasi litapona, pengine.

Ukiona pesa haitoshi kwa mara moja, anza sasa. Weka hamsini kila unapopita, tunaandika kwenye daftari na wewe unaweka sahihi. Unachagua mwenyewe unachotaka: kashata za njugu, za nazi, simsim, mabuyu, au mchanganyiko. Oda zinafungwa tarehe 18 Desemba, maana baada ya hapo sufuria hazitoshi na mimi pia nina nyumba ya kwenda. Mikebe yetu inalipiwa, kwa hivyo ukiwa na wako wa mafuta ya kupikia uliooshwa ukakauka, njoo nao. Tunaupima mtupu kwanza, ukiwa unaangalia.