Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu na Yasmeen Lari

Ndugu wanachama, salaam kwenu wote.

Mambo ya hela mweka hazina atawasomea mwenyewe kwahiyo mimi nakwenda moja kwa moja kwenye kazi tuliyofanya. Mnakumbuka kamati iliamua mwaka huu tusirukeruke mada kila kikao, tuchukue maisha ya mtu mmoja tuyasome vizuri, na kura zikamwangukia Yasmeen Lari, msanifu majengo wa Pakistan. Wapo walionung'unika kwenye grupu eti huyo wa mbali anatuhusu nini. Anatuhusu sana, chama cha kutunza majengo ya kale kisichojua wanaoishi ndani ya hayo majengo wanataka nini kinabaki kuwa chama cha kupiga picha milango.

Kwa ambao hamkuhudhuria, mama huyu kazaliwa 1941, kasomea usanifu Oxford akamaliza 1964, akarudi kwao akafungua ofisi Karachi, mwanamke wa kwanza Pakistan kuifanya kazi hiyo. Kikao kilichochangamka kuliko vyote ni kile cha Angoori Bagh, mradi wa nyumba za watu wa kipato cha chini kule Lahore mwaka 1973. Alienda kuongea na akina mama kabla ya kujenga, na wao hoja yao ikawa kuku, yaani nyumba nzuri sawa lakini kuku wetu tutawaweka wapi? Basi akachora nyumba zenye sehemu za wazi juu ambapo mtu anaweza kufuga na kupanda mboga. Tulibishana mpaka giza likaingia, maana wapo wanachama wanaona msanifu akifuata kila anachoambiwa basi hana kazi. Mimi naona hapo ndo kazi inapoanzia.

Alafu kuna upande wake ambao wengi wetu haukutuvutia, yale majengo makubwa ya Karachi, lile la kampuni ya mafuta ya serikali na mengine, vioo na zege. Nayataja kwasababu mwaka 2000 aliachana na biashara hiyo kabisa. Shughuli za urithi alikuwa keshaanza zamani, 1980 yeye na mumewe Suhail Zaheer Lari walianzisha Heritage Foundation of Pakistan, wakawa wanaorodhesha majengo ya kale ya Karachi moja moja ili yapate ulinzi wa sheria, kazi ya kuchosha isiyo na makofi.

Likaja tetemeko la Oktoba 2005 kaskazini mwa Pakistan, watu zaidi ya 70,000 wakafa. Akaenda milimani kusaidia watu wajenge upya kwa mawe na mbao za vifusi vyao wenyewe, udongo na chokaa. Baada ya mafuriko ya 2010 akaongeza mianzi. Saruji na nondo hataki, saruji inachafua hewa sana kiwandani, wakati chokaa ikikauka inairudisha ndani sehemu ya hewa ya ukaa iliyotoka ilipochomwa. Hapo ndo ujuzi wake wa kutunza makaburi ya kale ya Makli, kule Sindh kusini mwa Pakistan, ulipokutana na nyumba ya maskini, kwasababu chokaa ni ileile na fundi ni yuleyule, na hili ndo jambo ambalo ningependa kila mwanachama aondoke nalo mwaka huu. Hukohuko karibu na Makli watu waliokuwa ombaomba wakafundishwa kutengeneza vigae vya rangi wakapata kipato. Na lile jiko lake la udongo lililoinuliwa juu ya jukwaa ili maji yasilifikie, lenye bomba la kutoa moshi, akina mama wanalijenga na kulipamba wenyewe, lilipata World Habitat, tuzo ya kimataifa ya makazi, mwaka 2018. Medali ya dhahabu ya RIBA, chama cha wasanifu majengo cha Uingereza, akaja kuipata 2023 akiwa na miaka zaidi ya 80.

Kuna mwanachama aliuliza mianzi inadumu miaka mingapi, swali zuri, inategemea imetibiwa vipi na kama imeinuliwa isiguse unyevu, kwahiyo mwakani tutatafuta fundi wa mianzi na wa chokaa waje watuonyeshe kwa vitendo, maneno yametosha.

Pendekezo la kamati kwa mkutano mkuu ni hili, jengo lolote tutakaloliombea ulinzi kuanzia mwakani, barua isiandikwe kabla hatujakaa na wapangaji wake, na maoni yao yaambatanishwe hata kama yanatupinga. Njooni mlipigie kura. Ila ada zilipwe kwanza, jina lisipokuwepo kwenye daftari la mweka hazina hupigi, na msinipigie simu usiku kuhusu hilo.